Nduku na Sauti ya Saa Tano

Hapo Barani, Malindi, mwaka wa themanini na sita, alikuwako mama mmoja Mkamba, jina lake Nduku, aliyelea watoto wa wenzake. Alikuwa nao wanne. Mama zao walikuwa mahotelini wakitandika vitanda vya wageni. Asubuhi wakimletea, alasiri wakiwachukua. Yeye hakujaliwa kupata wake. Hilo hakulisema, lakini ungemwona anavyowanusa utosini ungejua.

Mumewe, Musembi, alikuwa bawabu wa usiku. Alikuwa akilala asubuhi, na ikifika saa tano akiamka na kwenda uani, akaita mara moja tu: "Nduku!" Maana yake maji ya kuoga. Miaka kumi na mitatu hivyo hivyo, mpaka homa ikamchukua.

Wiki mbili baada ya kumzika, Nduku alikuwa akifua nepi, saa tano, akasikia "Nduku!" kutoka uani. Akaitika, "Nakuja," na ndoo akawa ameshaiinua ndipo akakumbuka. Alikaa chini akalia kidogo, kisha akamaliza nepi zake. Tangu siku hiyo sauti ilikuja mara moja kwa wiki, pengine mara mbili. Haikusema neno jingine. Haikumtisha, akiitika, moyo unatulia, anaendelea na kazi. Miaka mitatu hakumwambia mtu.

Sasa siku moja Priscilla, mama wa mtoto mdogo kuliko wote, alirudi mapema, tumbo linamsokota. Alipofika mlangoni akamsikia Nduku akisema, "Nakuja, ngoja nimfunge huyu nepi." Priscilla akazunguka uani kuona ni nani. Hapana mtu, kuku tu. Akarudi, akamchukua mtoto wake Easter, akaenda zake. Kesho yake hakumleta, na keshokutwa yake mama wawili wengine hawakuleta wao. Neno lilikuwa limeshafika bombani: mlezi wa watoto amerukwa na akili.

Nduku akabaki na mtoto mmoja, wa Kadii, jirani yake Mgiriama. Chumba kikawa kikubwa. Alikunja nepi zilizokwisha kunjwa, akazikunjua, akazikunja tena.

Kadii alipokuja kumchukua wake, aliketi juu ya kinu akauliza bila kuzungusha. "Mwenzangu, wamwitikia nani?"

Nduku akamweleza yote, macho yako chini. Kadii akacheka, lakini kicheko cha upole.

"Kosa lako ni kuitika. Sisi tangu watoto twaambiwa, ukisikia waitwa na humuoni mtu, nyamaza. Mtu wa kweli ataita tena."

"Kwetu ukiitwa ukanyamaza ni madharau."

"Haya, nawe fikiri. Watoto wote wa pwani hii wafundishwa hivyo. Wangefundishwa kwa nini, kama hakuna anayesikia?"

Nduku akainua macho.

"Shangazi yangu kule Vitengeni alisikia sauti nyingi," Kadii akaendelea. "Zamtukana, zamkataza kula, mpaka tukampeleka hospitali, na dawa zikamsaidia. Yeye alijaziwa debe. Wewe una kibaba. Twende bombani."

Nduku hakutaka, lakini Kadii alimshika mkono hakumwachia. Bombani foleni ilikuwa ndefu, na Priscilla yumo, mtoto mgongoni. Kadii akaweka ndoo yake chini.

"Nani hapa hajawahi kuitwa akageuka asione mtu?"

Maji yanatiririka. Kisha Fondo, msukuma mkokoteni wa maji, akajikuna shingo. "Mimi huitwa na marehemu nyanya. Na msinitazame hivyo, sikuwa nimekunywa."

"Siku hiyo tu hukunywa," mama mmoja akamjibu, na watu wakacheka. Mwingine akasema yeye husikia hodi mlangoni, akifungua, upepo. Mwingine naye ana lake. Priscilla alikuwa hacheki.

"Huyu alipozaliwa," akasema polepole, "nilikuwa nikimsikia analia, naye yuko kwenye titi ananyonya. Mwezi mzima. Hata baba yake sikumwambia." Akamgeukia Nduku. "Mama, nilipokusikia ile siku niliogopa ni kile kile kilichonipata mimi. Niambie ukweli. Hiyo sauti inakuagiza chochote?"

"Inaniita tu."

"Na ikikwambia siku moja, acha mtoto, njoo?"

Nduku akalifikiria swali lile, kwa maana lilikuwa la haki. "Musembi akiwa hai na nguvu zake hakuweza kuniondoa kwenye sufuria ya maharagwe. Ataniondoa kwa mtoto? Lakini ikianza kuniagiza, nitamwambia Kadii siku hiyo hiyo, na mtoto wako sitamgusa. Hiyo nakuahidi."

Zamu ya Priscilla ilikuwa imefika. Akajaza ndoo, akaenda zake. Kadii akasema, "Usimharakishe. Ni mama."

Ijumaa Priscilla hakumleta mtoto. Jumamosi vile vile. Jumatatu jua halijapanda, hodi ikabishwa, na Nduku alipofungua, ni Priscilla, amevaa sare ya kazi, chupa ya uji mkononi.

"Shikamoo, mama. Ameanza kuota jino, atakusumbua."

"Marahaba. Lete nione."

Akampokea Easter, akapitisha kidole kwenye ufizi, na mtoto akakiuma kweli kweli.