Nguvu Hizi ni za Nani

Harufu ya pumba za mpunga zinazoungua haitoki puani kirahisi. Mpaka leo, basi la kwenda Iringa likikaribia Igawa, nafungua dirisha kabla ya daraja ili niinuse, hata kama abiria wa kando yangu ananung'unikia vumbi. Miaka ile ya sabini, nyuma ya mashine ya kukoboa, palikuwa na kilima cha pumba kilichofuka moshi tangu mavuno hadi mavuno bila moto kuonekana. Moshi ule uliingia katika nguo, katika nywele, hata katika wali wenyewe. Lami ya barabara kuu ilikuwa bado mpya, malori ya Zambia yalipita usiku na mchana, na mama yangu alikuwa na kibanda cha kununulia na kuuzia mchele hatua chache tu kutoka kwenye mashine. Baba, Msangu wa palepale, alifariki nikiwa mdogo. Tukabaki wawili, mama na mimi, pamoja na magunia.

Mama alikuwa mtu wa kushuku, na alishuku kwa bidii, kama wengine wanavyolima. Alizaliwa Mlandege, Iringa, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao babu zao walipanda kutoka Pwani, na alisema kwao walimfundisha kwamba gunia ni kama mtu, juu zuri, chini mawe. Kwa hiyo alitia mkono ndani ya kila gunia mpaka kwapani, akatoa punje za chini, akazitafuna na kuzitema mbele ya mwenyewe. Mtu akimsalimia vizuri kupita kiasi, aliitikia, kisha akaniuliza, "Huyu anataka nini?" Mwaka mmoja alimkatalia mchumba mwenye ng'ombe wengi kwa sababu alicheka kabla mzaha haujaisha. Sura nilichukua ya baba, lakini tabia ile niliirithi yote, na sijawahi kuijutia sana.

Mwaka niliokuwa darasa la saba nilikuwa nimeshatimiza miaka kumi na sita, maana zama zile tulianza shule tukiwa na meno ya ukubwani. Nilikuwa nanyanyua gunia la mpunga kutoka kwenye mizani, naliweka begani, napanda nalo ubao wa lori. Wapagazi walicheka siku za mwanzo, halafu wakaacha kucheka. Mzee mmoja Msukuma, miongoni mwa wale walioshuka Usangu na mifugo yao, alisimama akiegemea fimbo akanitazama mpaka lori likajaa, kisha akamuuliza mama binti huyu anakula nini. Mama akamjibu, "Anakula unachokula wewe, baba, ila yeye halali mchana." Watu waliokuwepo walicheka, lakini maneno hayakuishia pale, kwani penye wengi pana mengi. Ikasemwa kwamba mama anafuga ndondocha, wafu waliofufuliwa kwa uchawi wafanye kazi bila kuonekana, na kwamba hao ndio wanaoshika pembe za gunia, mimi naweka bega tu. Niliposikia nilicheka. Hata hivyo, jioni nilipobaki peke yangu kibandani, nililinyanyua gunia moja polepole na kuchungulia huku na huku nione kama kuna mkono mwingine. Sikuona kitu. Lakini wanasema ndondocha haonekani, basi nikabaki vilevile.

Hapo ndipo alipotokea Mwalimu Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, aliyefundisha siasa na michezo. Alikuja na tufe ndani ya mfuko wa kitenge, akalitoa kwa mikono miwili kama anatoa kitoto, akatuonyesha namna ya kuliweka shingoni na kulisukuma. Wenzangu walilisukuma likaanguka karibu. Langu liliruka kupita vigingi vyote, likabingiria hadi ndani ya bustani ya mihogo ya shule. Mwalimu alikwenda kulitafuta mwenyewe. Aliporudi alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kunitazama. Alisema nikishinda mashindano ya shule kule Mbeya nitapelekwa kambini Iringa, na kutoka kambini Mungu akipenda nitavaa rangi za taifa, nitapanda ndege. Mimi nilikuwa nimeiona ndege kwa chini tu, tumbo lake. Nilitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Nilitaka nguvu hizi, zilizokuwa zinanifanya nisemwe vibaya Igawa, ziwe kitu chenye jina na medali. Nilipomweleza mama alikuwa anapepeta mchele, na hakusimamisha ungo. "Na yeye mwalimu wako," aliuliza, "anapata nini?"

Swali hilo nalo lilikuwa na haki yake, maana wiki chache kabla ya mashindano mwalimu alikuja nyumbani na jambo jingine. Alisema shule za wenzetu hazishindi bure, zina ufundi wao, na kumpeleka mtoto uwanjani bila kinga ni kumpeleka vitani mikono mitupu. Alimjua mzee mmoja ng'ambo ya mto, fundi wa kuzindika wachezaji. Mama alikubali upesi mno, kwa sharti kwamba naye aende. Leo najua alikwenda kumlinda binti yake dhidi ya mwalimu, na mwalimu alidhani amekwenda kwa imani. Mzee yule hakuwa na mbwembwe yoyote. Alishona hirizi ya kitambaa cheusi, akanifunga kiunoni, akaniambia nguvu zangu zilikuwa zimetawanyika kama kuku wasio na banda, sasa amezikusanya humo. Nikiivua, zitabaki nayo. Njiani kurudi mwalimu alikuwa na furaha, anapiga mluzi. Mama alingoja tuingie ndani, ndipo akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba yeye hajui ukoo wa mzee yule, hajui kilichomo, pengine ni kitu cha kufunga kizazi. Siku ya pili aliiangalia akasema uzi wa fundi ni hafifu, utakatika nikiwa mbele za watu. Nikamvulia. Alikaa mlangoni akaikaza kwa uzi wake wa bluu, akanifunga tena, akanipiga kofi dogo la mgongo kama anavyopiga gunia lililokwisha kushonwa.

Mbeya nilikuta baridi ambayo kwetu Igawa hatuijui, na mlima Loleza umesimama nyuma ya mji kama mtu anayesikiliza maneno yasiyomhusu. Wasichana wa shule nyingine walikuwa wanene, wazuri, wenye viatu. Mimi nilitupa pekupeku. Nilipoliweka tufe shingoni na jasho kunitoka, ilinijia harufu ya pumba, harufu ya nyumbani kabisa, nikadhani ni upweke. Nikasukuma. Sitasema lilifika wapi, nisionekane mwongo, bali mwamuzi alilazimika kukunjua upya utepe wake wa kupimia. Watoto wa shule yetu waliimba. Mwalimu Ambakisye alinikimbilia huku machozi yanamtoka, na kabla hajanitazama usoni alinitazama kiunoni. Jambo hilo dogo liliniuma, nalo bado linaniuma. Hata yeye, aliyesema nina kipaji, alimpa hongera mzee wa ng'ambo ya mto.

Basi shaka ikanila. Tuliporudi Igawa niliomba niazimwe tufe, nikaenda nyuma ya mashine ambako hakuna watu, nikavua hirizi nikaitundika kwenye mti. Nilitupa likaanguka karibu. Nikatupa tena, karibu zaidi. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ule mti. Nikaivaa, nikatupa, likaenda. Ushahidi gani zaidi ungetakiwa na msichana wa Igawa? Mwalimu alikuwa ameshatuambia kwamba kambini Iringa wasichana wataoga pamoja, na kwamba daktari atawapima wote wakiwa wamevua nguo. Nikaona wazi yatakayotokea. Nikienda na hirizi nitaumbuka kwa kuonekana nayo, nikienda bila hirizi nitaumbuka kwa kutupa kama mtoto. Siku gari la shule lilipokuja kunichukua, nilisema siendi. Mwalimu alinisihi, akakasirika, akaniuliza kama najua ni wangapi wanalilia nafasi hiyo. Alimgeukia mama ili amsaidie. Mama, ambaye hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote duniani, alisema mara moja, "Kama moyo wake hautaki, mwalimu, tusimlazimishe." Hata wakati ule jambo hilo lilinigusa kidogo, kwamba amekubali haraka. Lakini mtu hamshuku mama yake mwenyewe. Jioni ile nilipakia mpunga kwenye lori la Mbeya, na tangu hapo niliendelea kupakia mpaka nilipoolewa.

Miaka mingi baadaye, mama alipokuwa mkongwe na macho yamefifia, alikuwa anakaa kwangu Mbeya akibambua karanga barazani. Siku moja redio ilitangaza habari za mwanamke mmoja mtupa tufe wa nchi ya mbali. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, kwamba ile hirizi yangu haikuwa na kitu. Aliifumua siku ile mlangoni, akamwaga dawa yote chooni, akajaza pumba za pale mashineni na kushona. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata baada ya kushinda, hata siku ile gari la shule lilipokuwa linanisubiri. Hakutafuta maneno. "Ungekwenda," alisema.

Nilikasirika. Nilikuwa mama wa watoto wakubwa, nywele zinaanza mvi, nikaingia jikoni nikalia kama nimepigwa. Kila nilichotupa Mbeya nilikitupa mwenyewe, na mtu pekee aliyelijua hilo aliniacha niamini vingine. Mpaka anakufa sikupata kujua aliogopa nini. Labda aliogopa kambi, na wasichana waliokuwa wakirudi kutoka safari za namna hiyo na mimba. Labda aliogopa kubaki na magunia peke yake. Nimejaribu kuchagua sababu ile nzuri na kuishikilia, kwa kuwa mzazi ni mzazi, lakini mkono wangu bado unashuka hadi chini ya gunia.

Siku hizi ninaishi na mjukuu wangu, Zuhura, mwenye umri uleule niliokuwa nao. Hatupi tufe, ananyanyua vyuma, katika ukumbi wenye vioo ambako vijana wanajipiga picha badala ya kufanya kazi. Hakuna anayesema ana ndondocha. Wanampigia makofi, wanamtia kwenye simu zao, na mimi nafurahi kuona hivyo, sikatai. Ila kocha wake alimletea kopo la unga lenye picha ya mtu aliyetuna kama chura, akamwambia bila huo hataweza kufika popote. Nilimsikia Zuhura akimwambia rafiki yake, "Siku nisipokunywa, mwili hauna kitu kabisa." Nikasimama palepale na sufuria mkononi. Nilimfahamu msichana yule, nilimfahamu hadi kwenye mti alipotundika hirizi.

Zuhura alipokwenda shule niliumwaga unga wa kocha shimoni nikajaza kopo kwa unga wa ulezi, uliokaangwa na kusagwa laini, na sukari kidogo. Alikunywa na maziwa kila asubuhi, akalalamika mara moja tu kwamba siku hizi kiwanda kimebadilisha ladha. Nilijiona kama mama akiwa mlangoni na uzi wa bluu, na niliogopa, kwani hadi hapo nilikuwa nimefanya alilofanya yeye, hakuna tofauti. Kisha akaja jioni moja amelowa jasho, akasema ule uzito uliomshinda tangu mwaka jana ameunyanyua, na kocha amemwita kambini. Kambi yenyewe iko Iringa. Nikamketisha. Nikamwambia kilichokuwamo ndani ya kopo tangu mwanzo wa mwezi, na kwamba nguvu zile ni zake.

Hakunirukia kwa furaha. Alinitazama, ameyafinya macho kidogo, na niliona ni macho ya nani yale. "Bibi," alisema, "nitajuaje kama hunidanganyi ili niache unga wa kocha?" Swali zuri. Mimi mwenyewe ningeliuliza. Sikuapa wala sikubishana, nilikwenda kabatini nikamletea kopo. Alilifungua, akatia pua ndani, akanusa kwa muda mrefu, akatia kidole hadi chini kabisa akakilamba. "Ulezi," alisema. Akaliweka mezani, akaingia chumbani, na punde nikasikia anaburuta begi la safari kutoka mvunguni.