Maneno ya Mama Yalikaa Upande Gani

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu. Tulikuwa tunapalilia maharage mlimani, juu ya kijiji chetu cha Lushebere, na mama yangu alikuwa akitusimulia habari za harusi fulani, akaacha katikati ya maneno. Nikadhani anavuta pumzi. Nilipogeuka, alikuwa amelala kati ya mistari, mkono wa kuume umelegea kama si wake.

Tulimbeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti ambacho wanaume wanne hukiweka mabegani, hadi hospitali ya Masisi. Aliporudi nyumbani alibaki na neno moja tu kinywani: "leo." Akitaka maji, leo. Akikasirika, leo. Akiniona nalia, alinipangusa machozi kwa mkono wa kushoto akisema, "Leo, leo, leo." Na huyu ndiye Mama Riziki, mwanamke aliyepewa kazi ya kutoa matangazo kanisani kwa kuwa hakuwahi kukosa la kusema.

Mwaka uliofuata mdogo wake, Mama Sifa, ambaye mimi nilimwita mama mudogo, akaanguka vilevile. Tumbo moja, baba mmoja, na upande uleule wa kuume. Lakini yeye hakupoteza hata neno. Akiwa pale chini alituita wote kwa majina, akatuagiza tuondoe chungu motoni kabla sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, haijaungua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na hasira. Tangu utoto nilimwona mama mudogo akishika jembe, kisu na kijiko kwa mkono wa kushoto, na sikuwahi kuona ubaya. Siku hizo nikauona. Nikiwa mtoni kuchota maji, mbele ya wanawake, nikasema: "Alikula maneno ya mama. Njo maana maneno yake yeye inabakia."

Neno hilo nililisema mara moja tu, mwanangu. Halikuhitaji mara ya pili. Kufikia Jumapili hakuna aliyekwenda kumpikia mama mudogo. Jumatatu vijana saba walisimama uani kwake na fimbo, wakitaka ahame kijiji, mtu asiyeweza hata kusimama.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Akawatazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi.

"Bahati, nilikubeba mu mugongo yangu wakati mama yako iko na homa. Uniangalie, useme tena."

Sikuweza kumwangalia. Wala sikuweza kuwaambia wale vijana kwamba nilisema tu, kwamba sina ninachokijua. Niliona aibu. Mpaka leo naona kunyamaza kule kulikuwa kubaya kuliko yale maneno ya mtoni.

Baba yangu ndiye aliyewakabili. "Kesho tunapeleka wote wawili kwa munganga," alisema. "Na nyinyi munaotaka kupiga, nyinyi njo mutabeba."

Wakakubali, nadhani kwa sababu walitaka kumsikia daktari mwenyewe akimhukumu.

Munganga, ndivyo tunavyomwita daktari wa hospitali, alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ndogo. Akawapima wale dada wawili bila haraka: macho, ulimi, vidole. Kisha, kabla hajaambiwa lolote, akamwuliza mama mudogo: "Mama, wakati ulikuwa muzima, ulikuwa unalima na mukono gani?"

"Ya kushoto."

"Na dada yako?"

"Ya kuume."

Tukatazamana. Nani alimwambia aulize hivyo? Ndipo baba akamweleza shitaka la wale vijana.

"Bongo ya muntu iko na pande mbili," akasema, "na hazifanye kazi sawasawa. Upande ya kushoto inaongoza mukono ya kuume. Kwa watu wengi, maneno nayo inakaa kulekule kushoto. Hata wale wa mukono ya kushoto, wengi wao njo vile. Lakini kuko wamoja, maneno yao inakaa upande ingine, ao pande zote mbili. Nazani uyu mama iko mumoja wao. Ugonjwa iligonga fasi moja, pahali palepale, kwa wote wawili, lakini kwa uyu, maneno haikukuwa pale. Sikufungua kichwa yake, siwezi kuapa. Lakini hakuna muntu aliiba kitu ya muntu."

Kijana mmoja akauliza, kwa dharau kidogo, ni nani basi aliyempangia hivyo.

"Alizaliwa vile," munganga akajibu. "Sasa munyamaze. Uyu wa 'leo' anapenda wimbo gani?"

Baba akaanza wimbo wa mavuno wa kanisa letu. Mama akafumba macho. Kwanza akafuata sauti tu, halafu kinywa kikafunguka, na maneno yakatoka. Maneno kamili, mwanangu! Ubeti wa kwanza, wa pili, majina ya mbegu zote zinazotajwa humo, bila kukosea hata moja. Mwanamke aliyekuwa ameshindwa kuomba maji! Nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji bila kujua. Yule kijana alivua kofia yake kama mtu aliyeingia kanisani.

Wimbo ulipokwisha, mama alitutazama akisema, "Leo."

"Kuimba kuna njia yake," munganga akasema taratibu. "Ile njia haikufungwa."

Nikamwendea mama mudogo kwa magoti, nikamwomba msamaha. "Lete maji kwanza," akasema. "Niko na kiu." Ilipita miezi kabla hajakubali kula chakula cha mkono wangu, na kuna majirani ambao hawakurudi uani kwake hata siku moja. Lakini kila asubuhi tulimpeleka kwa mama, wakakaa pamoja, na yeye akamfundisha dada yake kumenya muhogo na kula kwa kushoto, mkono ambao yeye aliujua tangu kuzaliwa. Walipochoka, waliimba.

Juzi mjukuu wangu anayesomea udaktari Goma alinieleza zaidi. Anasema tunarithi kwa baba na mama vitu vidogo vingi sana, visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kinasukuma kidogo tu, huku au kule. Mengine hutokea yenyewe tumboni, hakuna anayejua yatakwendaje. Mtoto bado hajaliona jua, na tayari pande mbili za ubongo wake zimeanza kutofautiana. Nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu. Bado nastaajabu kwamba tumbo moja la bibi yangu liliweka maneno ya binti mmoja huku na ya mwingine kule, kimya kabisa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi, mwanangu, ukiona kwa mwenzako jambo usilolielewa, sema "sijui," kisha nenda ukaulize kwa mwenye kujua. Usijaze pengo hilo kwa jina la mtu. Na kama umeshalijaza, simama mbele ya wote useme umekosea, hata kama wameshika fimbo.

Mungu aliyekupanga ndani yako kabla mama yako hajakuona, akulinde kuume na kushoto, na kinywa chako kisikose neno jema la kumwambia mtu.