Sale Langoni kwa Mwalimu

Siku ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake ya kahawa mbichi iliyomenywa. Tulikaa mlimani, juu ya Kikatiti, nami nilikuwa na miaka kumi na saba, mjuaji kupindukia.

Tulikuwa na mwalimu wa kisomo cha jioni, kijana wa hapo hapo aliyerudi kutoka masomoni Urusi. Jamani, yule alijua kuimba. Tulikwenda kwake wasichana wanne, anatufundisha hesabu, anatuchemshia chai ya tangawizi. Jioni zile nazitamani hadi leo.

Basi ukazuka uvumi kwamba ni mkomunisti, na wakomunisti hawana Mungu, watanyang'anya watu migomba na ng'ombe. Ndama wa jirani akafa, akasemwa yeye. Mvua ikachelewa, yeye tena. Wanaume wakaitisha kikao, nikasimamishwa mbele.

"Alikuwa anawaambia nini? Na nani mwingine alikuwepo?"

Niliogopa. Nikasema, "Alisema mashamba yawe ya wote." Hakusema hivyo. Alisema tuchume kahawa kwa zamu, leo kwetu kesho kwenu, kazi iwe nyepesi. Nikawataja na wenzangu watatu. Familia zao zilitengwa msimu mzima, kahawa ikaivia mitini bila wa kuwasaidia.

Bibi yangu alikuwepo pale. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama yangu aliitwa mchawi kwa macho yake mekundu ya moshi. Naye aliulizwa, na nani mwingine? Hakumtaja mtu, wakamfukuza peke yake. Leo wewe umewapa wanne, mwalimu na wenzako watatu."

Akaingia jikoni. Nililia mpaka nikachoka.

Asubuhi nilikata tawi la sale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Unajua kwetu, ukimpelekea sale uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha. Nikakuta mlango una kufuli. Mwalimu alishaondoka, na hakurudi tena. Nikalichomeka langoni pake, sikujua nilipeleke wapi. Ule ua wa masale unaoupita ukienda dukani umetokana na tawi hilo.

Sasa umenionyesha simu yako. Kundi zima linamwita yule muuguzi wa Usa River kibaraka wa wageni, na wewe unaulizwa rafiki zake ni akina nani. Afadhali hujajibu. Mwanangu, mchawi, mkomunisti, kibaraka, majina wanabadilisha, swali ni lile lile. Ukiulizwa nani mwingine, uliza kwanza amefanya nini, na nani aliyeona kwa macho yake. Wakikosa jibu, usiwape hata jina la paka. Watakununia, wacha wanune. Mimi nilikwepa kununiwa siku moja, na hili nimelibeba maisha yangu yote.

Mungu akutie nguvu ya kunyamaza mbele yao. Na ukiteleza kama mimi, akuwahishe na sale yako mkononi, ukute mlango bado uko wazi.