Dobi Anayemtafutia Mumewe Zohali

Saa moja na robo jioni, Mama Mashuka anafika juu ya paa akihema. Amepanda ngazi tisini na nne, na tangu asubuhi amesimama mbele ya mashine za kufulia za hospitali. Anaitua darubini, fupi na nene kama ndoo, anaielekeza magharibi, kisha anaibana simu kwenye lenzi ya kuchungulia kwa vibanio viwili vya nguo.

"Usinicheke," anamwambia mwandishi aliyepanda naye. "Kila mtu na vifaa vyake."

Chini ya wingu kuna nukta ya manjano. Hiyo ndiyo Zohali, sayari yenye pete. Imebakiza dakika ishirini kabla ya kuzama nyuma ya majengo, na baada ya leo haitaonekana tena jioni.

Anabonyeza kurekodi na kuondoa mkono upesi, maana ukiigusa darubini tu, sayari inarukaruka. Video ya dakika moja ina picha karibu elfu mbili. Programu aliyowekewa na jirani huchagua zile zilizotulia, ikazilaza moja juu ya nyingine mpaka ipatikane picha moja safi.

"Ni kama kukunja mashuka," anasema. "Kingo zisipolingana, umeharibu."

Hii si starehe yake. Darubini ni ya mumewe, Bwana Picha kama mtaa unavyomwita, aliyepiga watu picha za vitambulisho kwa miaka ishirini na sita mpaka simu zikamfungia duka. Miezi tisa iliyopita alipatwa na kiharusi. Sasa analala chumba cha chini, dirisha linatazama ukuta, na hakuna wa kumpandisha ngazi zote hizo.

"Neno la kwanza alilotamka likaeleweka ni Zohali," anasimulia mkewe. "Si jina langu, Zohali! Nilinuna siku mbili."

Kisha daktari akamwita pembeni. Alimwambia kiharusi cha pili kikija, kinaweza kuondoka na macho, au na mtu mwenyewe. Jioni hiyohiyo mama wa watu akaibeba darubini, hajui hata inashikwa wapi.

Picha za mwanzo zilikuwa doa jeupe tupu. "Punguza mwanga," mumewe akamwambia, neno mojamoja. Wiki ya tatu pete zikatokea, lakini zikitetemeka kama kitu kilichozama majini. Akachungulia ndani ya darubini. Kule chini, juu ya kile kioo kikubwa kinachokusanya mwanga, akaona vumbi.

Lahaula! Dobi aone uchafu auache? Alifungua skrubu tatu, akakiloweka kioo kwenye maji ya sabuni, akakisugua kwa sponji ileile ya kola za mashati. Hakujua kwamba kioo cha darubini kimepakwa fedha kwa juu, si kwa nyuma kama cha kabatini. Maji yakawa ya kijivu.

"Nilifurahi, nikasema uchafu huo unatoka," anasema. "Kumbe ninamwosha Zohali wa mume wangu."

Tangu hapo picha zimefunikwa na ukungu. Siku kumi na moja amekuwa akimdanganya mgonjwa kwamba kuna mawingu. Leo anashuka na simu, anakaa kitandani, anamwonyesha.

Bwana Picha anaitazama kwa muda mrefu. Jicho lake la kulia bado ni la kazi.

"Umekiosha," anasema.

"Nimekiosha, baba. Nisamehe."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni."

Anageuza uso ukutani. Mkewe anafuta machozi kwa kiganja kilichobabuka kwa dawa ya madoa.

"Halikuwa vumbi lililotetemesha pete," mzee anasema hatimaye. "Joto. Zege la paa... lilikuwa la moto. Hewa ikacheza." Anapumzika. "Ulikisuuza lakini?"

Mama Mashuka anaangua kicheko, na kilio hakijaisha.

Kisha mumewe, kwa taabu, anamwelekeza. Achukue boksi, akate duara la kuziba mdomo wa darubini, atoboe tundu moja tu, lielekee pale ambapo kioo hakijachubuka. Picha itakuwa na giza kidogo, lakini ukungu utapungua.

Shida ni kwamba Zohali anaondoka. Atapita nyuma ya jua, na atarudi alfajiri, baada ya miezi miwili hivi. Mama Mashuka ataomba kazini abadilishiwe zamu, na boksi la sabuni limeshakatwa, liko chini ya kitanda.

"Miezi miwili si mingi," anasema mlangoni akimsindikiza mwandishi, akiteremsha sauti ili mgonjwa asisikie. "Nimemwambia asiende popote."