Povu Ndani ya Kipimamvua

Mwalimu Phelista, ambaye darasa lake limepakana na langu hapa Kamukuywa, ana ugonjwa mmoja: hali ya hewa. Alikata chupa ya soda, akabandika rula ubavuni, akaisimika uwanjani iwe kipimamvua. Kila asubuhi wanafunzi wake hupima na kuandika ubaoni. Chupa ikiwa tupu, uso wake hunywea, na darasa zima huona.

Mwaka huu kiangazi kiligoma kuondoka. Baba yake Phelista, Mzee Wakoli, alikuwa na mbegu chache tu za mahindi, na angezipanda kwenye udongo mkavu, mchwa wangezimaliza. Phelista akamwapia kwamba chupa ya watoto itamwambia siku ya kupanda. Mzee alicheka hadi akakohoa, lakini akakubali.

Jumatatu moja Phelista akarudi kutoka Kitale, alikonyeshewa wikendi nzima. Akakuta chupa ina maji! Akapiga simu papo hapo: "Baba, panda!"

Mimi ndiye niliyeona povu. Nikauliza ni mvua gani hii inayonyesha na sabuni. Mwanafunzi mmoja, Nelima, akaanza kutazama vidole vyake vya miguu.

"Tichaa, ni mimi nimeweka maji ya kunawa," akasema. "Si umetoka safari? Kwetu mtu akitoka safari hatumpatii kikombe tupu."

Jamani! Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Phelista akapiga simu tena, lakini mzee hakushika. Alikuwa tayari nyuma ya ng'ombe na plau.

Basi darasa lote likateremka mbio hadi shambani, nami nyuma nikihema. Mistari miwili ilikuwa imeshapandwa. Watoto wakapiga magoti wakafukua punje moja moja, vumbi hadi kwenye kope. Nilingoja mzee afoke. Akamwita Nelima.

"Wewe mtoto, chupa ikikuwa tupu unaandika nini?"

"Sifuri, kuka," akajibu, akimwita babu kwa Kibukusu.

"Basi niletee hiyo sifuri. Nitaipokea tu."

Nelima akawa anapitia kwa mzee kila siku akitoka shule, na sifuri yake. Mpaka asubuhi moja, baada ya usiku wa ngurumo, alipokwisha kuandika ubaoni, Phelista akamruhusu aende na chupa yenyewe, nasi tukamfuata. Akaibeba kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo mbele ya mzee.

"Karibu, kuka."

Mzee akaipokea, akachungulia kama kuna povu, kisha akaenda kufunga ng'ombe nira. Phelista alilia kwa furaha, na mimi, kwa mara ya kwanza, sikumcheka.