Jaribio Aliloliruka Bi Waya

Jina la Bi Waya si la kuzaliwa. Alipewa na mtaa, siku alipokalia kiti cha marehemu mumewe ndani ya kibanda cha kutengeneza redio, akashika chuma cha kulehemu kama wenzake wanavyoshika mwiko. Watu walisema hatamaliza mwezi. Waliosema hivyo, wengine wamehama, wengine wamekufa, na kiti bado anakikalia yeye. Redio ndizo zilizomkimbia. Siku hizi redio ya mtu iko ndani ya simu, kwa hiyo Bi Waya akajifunza kompyuta, si kwa mapenzi, kwa njaa. Njaa ni mwalimu asiyetoa likizo.

Watoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho ni mdogo wake wa kiume, tumbo moja, ambaye tangu anatambaa alikuwa na mdomo usiopumzika hata wakamwita Kasuku. Kasuku alikwenda kutafuta maisha mji wa mbali angali kijana mwenye ndevu za kuokoteza, akaoa huko, akaota mvi huko. Akija, huja kwa misiba tu, na huondoka kabla machozi hayajakauka. Lakini kila jioni Bi Waya akishafunga kibanda, simu ililia. Hawakuwa na la maana. Kasuku alimweleza alichokula, nani kamuudhi kazini, na goti linamuuma upande gani. Bi Waya alijibu "Ehee" na "Acha uongo" huku akikoroga sufuria kwa mkono wa pili. Nyumba ya mtu mmoja ina kimya chake, ila cha kwake kilipata mgeni kila jioni.

Kisha Kasuku akaumwa koo. Madaktari walikata, wakaokoa roho, sauti ikaenda.

Tangu hapo simu haikulia. Ilitoa mlio mfupi tu wa ujumbe: "Nipo." Siku nyingine: "Nimekula." Kasuku alikuwa mvivu wa kuandika tangu shule. Hata ujanani hakuandika barua, alijirekodi kwenye kaseti akampa dereva wa lori aifikishe. Sasa mtu aliyekuwa akieleza goti lake kwa nusu saa anakwambia "Nipo", ukishukuru ushukuru, ukilia ulie. Bi Waya alisoma neno hilo, akaweka simu kifudifudi, akala chakula kimepoa.

Siku moja asubuhi wifi yake, mke wa Kasuku, akampigia simu.

"Wifi, kuna mashine. Anaandika kwa kidole, yenyewe inasema. Wataalamu wanasema wakipata rekodi zake za zamani, safi, wataifundisha iseme kwa sauti yake mwenyewe. Lakini wanazitaka kabla wiki ijayo haijaisha."

"Wasipopata?"

"Watamwekea sauti ya kawaida."

"Ya kawaida ndiyo ipi?"

"Kama ile inayokwambia salio lako halitoshi."

"Weee! Mdogo wangu anisalimie kama ananikatia umeme? Haiwezekani."

Kaseti zilikuwepo, ndani ya kopo la biskuti, chini ya kitanda. Usafi ndio haukuwepo. Kasuku alijirekodi kwenye kambi ya kazi huko mbali, ubavuni mwa jenereta, na kanda zenyewe zilikuwa zimechoka. Ukizicheza unasikia mngurumo kama mzinga wa nyuki, juu yake mchakacho kama mvua ya bati, na katikati kijana anajitahidi kusimulia.

Sasa, kuna watu duniani, Mungu anajua wanakula nini, wanaokaa wakaandika programu za kusafisha sauti, halafu wakazigawa bure, wazi, siri zote nje. Mkusanyiko kama huo wanauita maktaba, ingawa hauna kitabu hata kimoja. Ni hesabu zilizopangwa, kila moja na kazi yake: hii inaondoa mngurumo, ile inachuja mchakacho, nyingine inabadili mwendo wa rekodi ili mashine ya kigeni iweze kuisoma. Mwenye kompyuta mpya hupakua iliyokwisha kushonwa, kama nguo ya dukani. Kompyuta ya Bi Waya, aliyoiunga mwenyewe kwa viungo vya kompyuta kadhaa marehemu, haikuwa na saizi dukani. Yeye alipewa kitambaa: maandishi yenyewe ya programu, pamoja na maelekezo. Shona mwenyewe.

Akaanza. Kompyuta ikadai kipande fulani kinakosekana. Akakitafuta, akakileta. Ikadai kingine. Ilikuwa kama kufanya kazi na mwashi mvivu, asubuhi hana mwiko, mchana hana maji. Hatimaye mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo na feni ikalia hata jirani yake, fundi cherehani wa kibanda cha pili, akachungulia na futi shingoni.

"Shoga, hicho kitu kinafanya kazi au kinakata roho?"

"Kinajenga."

"Kinajenga nini, mbona hata tofali sioni?"

"Kinajenga mdomo wa mdogo wangu."

Fundi cherehani akaacha utani, akarudi kwenye cherehani yake.

Kazi ilikwenda polepole, na wiki haikumngoja mtu. Bi Waya akaona kwenye maelekezo agizo ambalo ukiliongeza, kompyuta hupita njia za mkato kwenye hesabu ili programu iende mbio. Waandishi walikuwa wameonya: ukilitumia hili, usiache majaribio. Kwa maana maktaba hiyo inakuja na mtihani wake. Inapewa sauti inayojulikana kimo chake, yaani wembamba au uzito wake, irudishe ile ile, na asiyeijua kazi aone kama imefaulu. Bi Waya akaliongeza agizo. Majaribio akayatazama, yanataka kutwa nzima, na kompyuta imeshapata moto kama pasi.

"Nimejaribu redio za mtaa huu wote kwa sikio," alijisemea kwa sauti, maana mtu wa peke yake huzungumza na ukuta. "Leo nikae na karatasi ya mtihani?"

Akayaruka.

Kaseti ya kwanza ikapita kwenye programu, mngurumo ukatoka, mchakacho ukatoka, na kibandani mle akasikia: "Dada, hujambo? Mimi huku mzima, ila mpishi wetu ana nia ya kuniua."

Bi Waya alikaa juu ya boksi la vifaa bila kuangalia kama lina kitu. Ndiye. Kasuku wa kila jioni, mwembamba wa sauti, mwepesi. Aliicheza tena, akacheka, akafuta macho kwa kitambaa chenye risasi ya kulehemu, akarudia tena. Kisha akaituma kwa wifi yake, akangoja sifa.

Wifi akapiga.

"Wifi, huyu uliyenitumia nani?"

"Nani tena? Mumeo!"

"Huyu si mume wangu. Huyu mwanafunzi."

"Masikio yako yana nta."

"Yawe na nta, lakini yamelala naye mto mmoja tangu enzi za hizo kaseti. Na yeye mwenyewe kasikiliza. Katikisa kichwa."

"Mimi nimembeba mgongoni yule!"

"Umembeba, wifi, nani anakataa? Lakini tangu awe mtu mzima, umemsikia wapi? Kwenye simu."

Bi Waya akakata. Akamwona fundi cherehani anamtazama, akamwambia, "Wifi ni wifi tu, hata umpe asali atasema ina nyuki." Mwenzake akacheka. Yeye hakucheka.

Akawasha majaribio. Hakuyawasha kwa unyenyekevu, msimsingizie. Aliyawasha ili apate ushahidi wa kumtupia wifi yake usoni. Mistari ikateremka: imepita, imepita, imepita. Akainuka kuchemsha chai. Aliporudi, mmoja ulikuwa umeandikwa: imeshindwa. Ilikuwa ile sehemu ya kubadili mwendo. Imepewa sauti ya kimo fulani, ikairudisha juu zaidi. Njia za mkato zilikuwa zimekatia pale.

Chai ikapoa mkononi. Alikuwa fundi redio, hakuhitaji kuelezwa. Simu huikata sauti ya mtu chini, uzito wa kifua haupiti kwenye waya, kinachofika ni wembamba wa juu. Miaka yote hiyo aliyekuwa akizungumza naye jioni ni mtu aliyenyolewa kifua. Na maktaba iliyojengwa vibaya ilipompandisha Kasuku juu kidogo, kosa hilo likakutana na sikio lililozoea simu, vikakumbatiana kama ndugu. Sikio lake halikukosea, hilo ndilo lilimchoma. Lilikuwa limemtambua sawasawa mtu asiyekuwepo.

Alifuta agizo. Akafuta na kila kilichojengwa, akaanza chini kabisa. Feni ikalia tena. Simu ikatoa mlio: "Nipo." Akaandika, "Nami nipo," akaona inasikitisha, akaongeza, "Goti?" Jibu likaja: "Lipo."

Safari hii aliyangoja majaribio mpaka la mwisho, amekaa wima kama aliyempeleka mtu kupimwa. Yote yakapita. Akacheza kaseti.

Akatoka mwanamume. Kijana, ndiyo, lakini mwenye kifua, sauti nzito yenye mikwaruzo chini, imekaribia ya marehemu baba yao akiita watu waje kula. "Dada, hujambo?" Bi Waya karibu aitikie "Sijambo, nani mwenzangu?" Alisikiliza tena na tena akimtafuta Kasuku wake humo ndani. Alimpata kwenye maneno, na kwenye alivyolivuta lile "Dada" kama anayeomba kitu. Kwingineko alikuwa mgeni.

Angeweza kudanganya. Angesema kaseti ndivyo zilivyo, mashine ikafundishwa yule mwembamba, naye akampata rafiki yake wa jioni kama alivyokuwa. Nani angempinga? Wifi, lakini wifi hupinga kila kitu. Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Halafu akafikiria Kasuku anaamka kila siku akisema kwa mdomo wa mwanafunzi, ili dada yake huko mbali asisikie upweke.

Akasafisha kaseti zote kwa ile programu iliyofaulu, akazituma. Wifi akaandika neno moja: "Ndiye." Ile rekodi ya kwanza Bi Waya hakuifuta. Wala hakuisikiliza tena.

Siku zikapita kimya. Kisha jioni moja, kibanda kimefungwa na sufuria iko motoni, simu ikalia.

"Dada," ikasema ile sauti nzito. Kimya. Kidole huko kilikuwa kinatafuta herufi. "Goti la kushoto."

"Acha uongo," alisema Bi Waya.

Kidole kikaanza kutafuta tena. Bi Waya akakoroga, hakuharakisha mtu.

"Wifi yako kapika ule mchuzi wake. Mwepesi. Nimeinama nikamwona mtu ndani. Nikamsalimia."

Hapa ndipo Kasuku alipokuwa akicheka. Siku zote alicheka utani wake kabla ya wengine, kwa pupa, kama anaogopa kunyang'anywa. Mashine haikufundishwa kucheka. Kaseti hazikuwa na kicheko cha kutosha, na hakuna aliyefikiria kukidai. Simu ikavuma tupu, na mle ndani ya ule mvumo Bi Waya akajua kuna mtu amekaa, mabega yanatikisika, hatoi sauti.

Akaweka mwiko chini. Akacheka cheko lake, akalimaliza. Kisha akacheka na la Kasuku.