Furukombe wa Bi Shekha

Bi Shekha binti Athman wa Mambrui hakuwa mtu wa kuomba. Hata chumvi ikimwishia jikoni, alikuwa radhi ale mchuzi wake chapwa kuliko kupiga hodi kwa jirani. Kazi yake ilikuwa kushona kofia, na si kushona tu, nakshi zenyewe alizichora yeye. Na wanawake wa kofia walikuwa na sheria yao, haikuandikwa popote na kila mtu aliijua. Ukitaka nakshi ya mwenzio, unapeleka sahani ya halwa, unakaa kitako mkekani kwake, unasema, "Nipe radhi." Asipotaka, sahani inarudi na halwa yake. Akiila, basi nakshi imehama nyumba, naye mwenyewe haigusi tena mpaka aombe kwako.

Mwaka wa themanini na sita ilikuweko shule mpya ya harambee nje kidogo ya mji, ikawa inataka mnyama wake, kama shule nyingine zilivyokuwa na simba wao na chui wao. Mwalimu mkuu, Jedida, mwanamke wa Rabai, aliwaambia watoto waulize majumbani. Mahfudha, mjukuu aliyelelewa na Bi Shekha, akaja na karatasi.

"Bibi, nichoree ndege. Simba washachukuliwa na kila mtu."

Bi Shekha akamchora furukombe anateremka, kucha zimemfumbata samaki, na kila unyoya wa bawa akautia jicho dogo kama tundu za kofia. Shule nzima ikampenda ndege yule. Haukupita muda, Mwanabibi, shoga yake wa kushona naye tangu usichana, akaingia na sahani imefunikwa kawa.

"Halwa hiyo. Mwalimu Jedida anakusalimu sana."

"Mwenyewe yu wapi?"

"Ana kazi, shoga. Atakuja."

Bi Shekha akaila halwa akimngoja mwenyewe. Kesho yake akairudisha sahani na mikate ya mofa juu, maana nyumbani kwao sahani haijapata kutoka tupu. Mwalimu hakutokea. Furukombe akachorwa kwenye ukuta wa shule, akatiwa kwenye mifuko ya mashati, na mchoraji hakuambiwa hata ahsante kwa mdomo wa mwenye shukrani.

Basi naye akaona afanye lake. Hospitali walikuwa wamempa picha ya eksirei ya goti lake. Akaikata kwa wembe, akatoa umbo la ndege, akawa anailaza juu ya kitambaa na kupiga rangi kwa sifongo. Akapiga fulana, akapiga mikoba ya kitambaa cha marekani, akapiga na vitambaa vya kichwa. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, na wazazi wakamjia tangu Malindi mjini hata Vitengeni, kila mmoja anataka furukombe wa mtoto wake. Bi Shekha akawa anapita njiani shingo imesimama. Akiulizwa ndege wa nani, hujibu, "Wangu. Shule nimewaazima."

Neno likafika shule. Ndipo mwalimu alipokuja.

"Shikamoo, Bi Shekha."

"Marahaba. Umechelewa, mwalimu."

"Nimekuja kwa ajili ya ndege. Yule sasa ni alama ya shule, hatiwi kwenye nguo ila kwa ruhusa ya kamati. Lakini kwako hatutaki mambo mengi. Njoo siku moja uombe mbele yao, na fulana zote za mashindano tutakupa uzipige wewe."

"Niombe? Niombe changu mwenyewe?"

"Halwa nilikuletea, Bi."

"Halwa ilikuja, wewe hukuja. Halwa bila maneno ni utamu wa ulimi tu."

Mwalimu hakupandisha sauti. "Mimi si mtu wa hapa. Nilimuuliza Bi Mwanabibi mambo yenu, akaniambia akiila, basi. Na sahani ikarudi na mikate. Nikajua umeridhika."

"Ile adabu! Sahani haitoki kwangu tupu, hata ingekuwa ya adui!"

Akampigia Mwanabibi ukelele, ua wa pili. Mwanabibi akaja na kofia mkononi, sindano imo. Hakuketi.

"Haya sema, Mwanabibi. Radhi niliitoa?"

Mwanabibi akaitazama kofia yake. "Uliila, Shekha."

"Nilikuwa namngoja!"

"Uliila yote. Na ile nakshi ya mwezi na nyota ya marehemu mamangu uliichukua vivi hivi. Ulituma halwa, hukuja. Mama akala, ukasema yamekwisha. Tukanyamaza."



"Neno moja tu, Bi," mwalimu akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi. "Sema 'naomba.' Basi."

"Mlango ule pale, mwalimu. Na wewe, Mwanabibi, mfuate."

Mahfudha akalia usiku na mchana. "Sema tu, Bibi. Kwani utapungua nini?"

"Nyamaza. Kwetu hakuombwi."

Fulana zikapigwa Mombasa. Wazazi wakakatika, maana kamati iliwaonya. Bi Shekha akasugua rangi ya fulana zilizombakia kwa mafuta ya taa, haikutoka. Mikoba akaigeuza nje ndani, ikaenda kwa wauza makaa.

Siku ya mashindano kelele zilimfikia barazani, "Furukombe! Furukombe!" Jioni Mahfudha akarudi mbio, mshindi, amevaa fulana ya Mombasa. Bi Shekha akaitazama. Mbawa zilikuwa weusi mtupu, hazina hata jicho moja.

"Kuku gani huyo?"

"Ndiye wa shule, Bibi."

"Kaivulie nje. Humu ndani haingii."

Mtoto akatoka. Hakuvulia pale mlangoni, alikwenda kuvulia kwa Mwanabibi. Akazoea hivyo kila siku, na mara nyingi akila huko huko, akirudi nyumbani ameshiba. Bi Shekha akiulizwa mjukuu yuko wapi, alisema yuko shule.